Jinsi ya kulitumia neno "sensei" bila kujiaibisha (mi nilishajiaibisha kwa niaba yenu)

Wadau wa karate, wa judo, wa anime, na nyie mnaomuita kinyozi wenu sensei, leo naandika hili jambo la sensei, neno la Kijapani la kumuita mwalimu kwa heshima, liishe. Nimelieleza mara nyingi mpaka mate yananikauka, na kila nikilieleza lazima nipitie aibu yangu mwenyewe kwanza, kwaiyo ngoja nianze nayo tu.

Mwaka juzi klabu yetu hapa Mwanza tuliamua kuchapisha tisheti. Tukachangishana, zikapatikana tisheti thelathini nyeusi, mgongoni tukataka liandikwe neno sensei kwa herufi za Kijapani kwa heshima ya mwalimu wetu. Mi ndo nikapewa kazi ya kufatilia maana najifanyaga mjuaji wa mtandao. Nikazitafuta zile herufi mbili, nikazipiga skrinishoti moja moja, nikamtumia fundi wa kuchapisha kwa WhatsApp. Siku hiyo bando lilikuwa linavuta kwa kusuasua, picha ya pili ikatangulia kufika, ya kwanza ikafuata, na fundi wa watu akazipanga vilevile zilivomfikia, sa angejuaje? Nilivoenda kuzichukua nikakagua wino haujavuja, saizi ziko sawa, nikagawa. Tukapiga picha ya pamoja pale karibu na ferry ya Kamanga, Jiwe la Bismarck likionekana kwa nyuma, tukairusha kila mahali.

Tumezivaa miezi minne.

Jumamosi moja mwenzetu akaja mazoezini na mgeni wake Mjapani, kijana tu, amekuja kujitolea kufundisha hisabati sekondari moja ya nje ya mji, na Kiswahili anakiongea vizuri sana kuliko baadhi yetu. Tukamaliza mazoezi tukashuka ziwani kula sato. Nimegeuka kuchukua jagi la kunawia mikono, jamaa akauona mgongo wangu. Kimya. Alafu taratibu, kwa ile adabu yao, akauliza, "Samahani kaka, hiyo tisheti inasomwa kuanzia upande gani?" Nikacheka nikidhani ni utani. Hakuwa anatania. Tulikuwa tumeandika kinyumenyume watu thelathini, ni sawa na mtu aandike "limumwa" mgongoni alafu atembee nayo soko la Mlango Mmoja kwa kujiamini.

Akatupoza roho, akasema zamani huko kwao, kabla ya vita kuu ya pili, vibao vingi vya mlalo viliandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwaiyo mtu akituuliza tuseme tisheti zetu ni za kizamani. Mpaka leo ndo tunajitetea hivo. Yale maelezo yake ya siku ile, pamoja na niliyoyasoma baadae nikiwa na hasira za aibu, ndo haya.

Tuanze na maana, maana hapa ndo kila kitu kinapotokea. Neno lina vipande viwili, 先 ambayo inasomeka SEN, na 生 ambayo inasomeka SEI. Sen ni kutangulia, kuwa mbele, kuwa kabla. Sei ni uhai, kuishi, kuzaliwa. Ukiviunganisha unapata "aliyetangulia kuzaliwa", aliyeliona jua kabla yako. Rudia kusoma hapo, umeona habari ya kufundisha popote? Hakuna. Hakuna darasa, hakuna chaki, hakuna elimu. Neno letu mwalimu limetoka kwenye Kiarabu na mzizi wake ni uleule wa elimu, yaani mtu anayekufanya ujue. Lao halisemi anajua nini wala anakufundisha nini, linasema katangulia, basi.

Hivyo vipande viwili ukishavikamata utavikuta kwingine pia. Senpai, wale waliokutangulia shuleni au klabuni, ni sen ileile. Senzo ni mababu, mizimu ya ukoo, sen ileile. Senshuu ni wiki iliyopita, wiki iliyotangulia. Upande wa sei unayo gakusei, yaani mwanafunzi wa chuo, na seito, mwanafunzi wa shule. Kwaiyo mwalimu na mwanafunzi wanachangia herufi moja, wote "wamezaliwa", ila mmoja ndo aliwahi.

Kwenye kutamka, wengi wetu tunasema sense-i, tunaikata mwishoni kama tunasema "hatujui". Wajapani ile "ei" ya mwisho wanaivuta inakuwa e ndefu, sensee. Njia rahisi ya kukumbuka, na hii niliigundua mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye hiace ya Buhongwa na nikajisikia fundi kweli, ni kwamba mwisho wake unalia kama mwisho wa neno "mzee". Mzee, sensee. Sauti zinafanana na maana karibu zinafanana, wala maneno hayana undugu wowote, ni bahati tu. Piga makofi manne ukilitamka, se, n, se, e, ile n nayo ina kofi lake usiimeze. Usiseme senzei, usiseme sinsei, na tafadhali sana usiseme "sensai" maana hilo ni neno lingine kabisa. Kwenye kuandika andika sensei, usihangaike kuandika sensee, herufi za kilatini tumeshazoea hivyo dunia nzima.

Kuhusu kuliandika kwa herufi zao, yaani kosa letu. Usitume skrinishoti mbili. Kwenye simu ongeza kibodi ya Kijapani, ile ya Google ipo bure, alafu andika s-e-n-s-e-i kwa herufi za kawaida, itajigeuza yenyewe na juu itakuletea machaguo, chagua 先生, yote mawili kwa pamoja, nakili tuma kama maandishi, sio kama picha. Alafu kabla fundi hajawasha mashine kagua hivi: angalia chini ya herufi. Ya kwanza ina miguu miwili, na mguu wa kulia umejikunja kwenda juu kama ndoano ya kuvulia sangara. Ya pili haina miguu, chini imekalia mstari ulionyooka kama ubao wa kukalia kwenye mtumbwi. Ndoano kwanza, ubao baadae. Mtoto wa Mwanza akishindwa kukumbuka hiyo basi tena. Ukitaka kuhakikisha zaidi hesabu michoro, ya ndoano ina michoro 6 na ya ubao ina 5. Na kama maandishi yanashuka kwenda chini, kama kwenye bendera ya klabu, ndoano inakaa juu.

Sa asili. Watu wengi wanadhani neno limezaliwa Japani na karate. Lenyewe ni la Kichina, na ni la zamani mno. Kwenye yale mazungumzo ya Konfusio, yule mwenye hekima wa China aliyeishi kati ya mwaka 551 na 479 kabla ya Kristo, kuna sehemu anaongelea adabu ya watoto kwa wakubwa, kwamba kazi ikiwepo vijana waibebe, na chakula na pombe vikiwepo wakubwa ndo waanze. Hapo kwenye wakubwa imeandikwa herufi hizihizi mbili. Hebu ona, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita neno hili lilikuwa linaongelea nani aanze kula, na sisi tulikuwa tumekaa Kirumba tunampa mzee wa klabu kichwa cha sato bila kuambiwa na mtu. Nilivoisoma hiyo nilimtumia yule Mjapani usiku saa tano, akanijibu na kikatuni kinachoinama.

Japani hawakuwa na maandishi yao, wakayachukua ya China, mengi yakipitia rasi ya Korea, na usomaji huu wa sen-sei unafata matamshi ya Kichina ya enzi za Tang, utawala uliokuwepo kuanzia 618 hadi 907. Kwaiyo Mjapani akisema sensei kuna Kichina cha kale kinatoka mdomoni mwake, kama sisi tunavosema sahani, kitabu na dirisha bila kumkumbuka Mwarabu wala Mwajemi. Korea nao wanalo, seonsaeng, na wakiongea na mwalimu wanaongeza heshima inakuwa seonsaengnim. China kwenyewe limebaki ila limehama, sikuhizi xiansheng ni "bwana" tu, bwana flani, na mwalimu wanamuita laoshi. Ndo maana ukikutana na Mchina wa kampuni ya barabara ukamuita sensei kwa kudhani unamheshimu atakutolea macho. Herufi anazijua, sauti haijui, na utakuwa umemuita kwa lugha ya jirani yake.

Hapohapo niingize ugomvi wangu na mabanda ya video. Wale jamaa wa kutafsiri movi wamekaa miaka wakituambia "huyu ndo sensei wa Shaolin". Shaolin iko China, mkoa wa Henan, hakuna sensei pale, kuna shifu, ambaye Kikantoni wanamuita sifu. Kungfu ni sifu, karate na judo ni sensei. Ukiwa kwenye klabu ya kungfu ukasema sensei hawatakupiga ila watakuangalia kama mtu aliyeingia msikitini akasema "bwana asifiwe".

Sa sheria kubwa kuliko zote, na hii nayo niliivunja siku ileile ya samaki kabla hata ya tisheti kuonekana. Mi Jumapili nafundisha watoto, mikanda myeupe na ya njano, wao wananiita sensei. Basi kwenye kujitambulisha kwa mgeni nikajikaza na Kijapani changu cha YouTube, nikasema "watashi wa sensei desu", mimi ni sensei. Jamaa akatabasamu, akasema karibu sana, akanywa maji. Nikajiona nimemkosha. Baadae nilivyombana ndo akaniambia, kaka, hilo neno unapewa, hujipi. Mtu mzima wa Japani akitaja kazi yake kwa watu kwa kawaida anatumia neno la kazi, kyoushi, au anasema tu nafundisha shule flani. Sensei ni heshima, na heshima inatoka mdomoni kwa mwingine. Kujiita sensei ni kama mtu apige hodi kwako alafu ajitambulishe "mimi ni mheshimiwa sana". Wapo tunaowajua wanafanya hivo lakini tunawasema wakiondoka.

Nikamuuliza, mbona kwenye anime mwalimu anasema "sensei anaenda nje kidogo, mkae kimya" akimaanisha yeye mwenyewe? Akasema hiyo kweli ipo, walimu wa watoto wadogo wanafanya hivo. Nikakumbuka darasa la kwanza, "madam amesema mkunje mikono", na madam ni yeye huyohuyo anayeongea. Kwaiyo mbele ya watoto inaruhusiwa. Mbele ya watu wazima iache.

Nikaenda nyumbani nikafuta "Sensei" kwenye jina langu la Instagram. Iliniuma maana ilikuwa inapendeza.

Kwenye kumuita mtu, Kijapani neno linakaa nyuma ya jina la ukoo. Mwalimu Tanaka ni Tanaka-sensei. Usiongeze san hapohapo, Tanaka-sensei-san hakuna, sensei yenyewe imeshabeba heshima yote, ukiongeza san ni kama kusema "mheshimiwa bwana ndugu". Kiswahili tunapanga kwetu, Sensei Juma, kama tunavosema Mwalimu Nyerere, na mi sioni kosa, neno likishaingia nyumbani kwetu linakula chakula chetu. Ila ukiwa unaongea au unaandika Kijapani lipeleke nyuma. Na linaweza kusimama lenyewe bila jina, unaita tu "Sensei!" na mtu anageuka.

Kitu kingine, Kijapani wana neno la "wewe", anata, lakini kwa sensei halifai kabisa. Badala ya kumuuliza "wewe utakunywa chai?" unasema "sensei atakunywa chai?" huku unamtazama usoni. Sisi hili tunalo toka zamani, "mama atakula sasa hivi au baadae?" na mama umesimama naye, kwaiyo hatuna shida, ni kukumbuka tu.

Na kwenye Kiswahili chetu? Hapa huwa kuna ubishi klabuni. Wengine wanasema "sensei yetu", wengine "sensei wetu". Mi nasema sensei wetu kama mwalimu wetu, japo rafiki yangu na baba yangu zipo na hakuna anayelalamika. Wakiwa wengi ni masensei, masensei wamefika, na usiniulize zaidi ya hapo, mi sio Bakita.

Nani anaitwa sensei huko kwao? Walimu ndio, wa chekechea mpaka chuo kikuu. Lakini pia daktari, ukiingia hospitali unamuita sensei. Wakili sensei. Mbunge sensei. Mwandishi wa vitabu, mchora katuni, mwalimu wa piano, wa kupanga maua, wa kuandika kwa brashi. Yaani yeyote mwenye ujuzi ambao wewe unauinamia. Lakini kocha wa mpira kwa kawaida sio, yule wa timu ya wakubwa wanamuita kantoku, kwaiyo kocha wa timu yetu ya Pamba abaki kocha wetu. Sumo nao wana la kwao, bosi wa kambi anaitwa oyakata.

Na kwa sababu limeenda kwa watu wengi hivo, limechuja pia. Wana msemo wa zamani wa kichekesho unaosema mtu hajawa mjinga kiasi cha kufurahia kuitwa sensei. Ilinichukua mda kuuelewa mpaka nilipopita Makoroboi, mmachinga akaniita "mkurugenzi, njoo uone suruali", hatua tatu mbele "kiongozi, viatu hivi hapa", mwingine "boss wangu". Hapo sijawa mkurugenzi, nimekuwa mteja. Basi na sensei inaweza kutumika hivohivo, kwa kupakana mafuta, hasa kwa wanasiasa, na Mjapani akiitamka kwa kuivuta zaidi kidogo huku anacheka upande mmoja ujue hapo kuna kijembe.

Kwenye dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, je, maana wengi mnaosoma hapa ndo mnakolitumia. Kwanza mjue kwanini mtu wa kurusha mateke anaitwa kwa jina la ualimu. Kano Jigoro aliyeanzisha judo, akafungua shule yake ya Kodokan mwaka 1882 Tokyo, alikuwa mwalimu hasa, baadae mkuu wa chuo cha kufundisha walimu. Na Funakoshi Gichin, aliyetoka Okinawa kwenda kuonesha karate Tokyo mwaka 1922 na watu wakamng'ang'ania asirudi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka na miaka. Walikuwa walimu kwa maana ya chaki na rejista. Michezo hii ikaenea kupitia mashule na vyuo, na wanafunzi wakaendelea kuwaita walivozoea kuwaita.

Kwaiyo ndani ya dojo usimuite kila mwenye mkanda mweusi sensei. Dan, yaani ngazi ya mkanda mweusi, ya kwanza inaitwa shodan na hiyo sho maana yake ni mwanzo, yaani umeanza, wewe uliyedhani umemaliza. Anayesimama mbele kufundisha ndo sensei, wenzako waliokutangulia ni senpai, na nyie wa nyuma ni kohai. Dan ngapi ndo mtu aanze kuitwa sensei kila chama kina utaratibu wake, uliza klabuni kwako usichukue wa mtandaoni. Ukisikia shihan huyo ni wa juu zaidi, mwalimu wa walimu, usimshushe.

Mwanzo na mwisho wa mazoezi mnapiga magoti kwenye mstari, wa mkanda mkubwa anatoa amri "sensei ni rei", maana yake kwa sensei, toeni heshima, mnainama. Mnainama mkianza na "onegaishimasu", kama kusema naomba unifundishe, na mkimaliza "arigatou gozaimashita", asante kwa uliyotupa. Mkono wa kushoto unatangulia chini, kisha wa kulia, angalau sisi ndo tulivofundishwa. Usinyanyue kichwa kuangalia kama wenzako wameinuka, kila mtoto mpya anafanya hivo na kila Jumapili naona vichwa vinachungulia kama kobe. Na sensei naye anainama, hilo watu hawaliangalii, anainama kwenu kama nyie mnavyoinama kwake.

Nje ya dojo, mkikutana sokoni Mwaloni amebeba dagaa, huna haja ya kuinama mpaka mkoba uanguke. Msalimie. Kuna mtu aliwahi kumpigia sensei wetu "OSS!", ile salamu ya wana karate, kwa nguvu katikati ya foleni ya benki, mlinzi akasogea.

Kuna swali huwa linabaki, nalo ni hili: kama maana ni aliyetangulia kuzaliwa, vipi sensei akiwa mdogo kuliko wewe? Mi jibu langu ni kwamba anayehesabiwa hapo ni nani kazaliwa kwanza ndani ya hicho kitu. Kwenye karate una miezi mitatu, yeye ana miaka kumi na nne, basi kwenye karate wewe ni kitoto kichanga hata kama una wajukuu. Ila hiyo ni rahisi kuiandika, kuiishi Usukumani ni kazi nyingine, maana huku namhala, yaani mzee, ni namhala, mtu mwenye mvi zake humfundishi kirahisi namna ya kusimama.

Tunaye mzee mmoja klabuni, kastaafu, miaka sitini na kitu, alikuja kwa ajili ya presha, daktari kamwambia afanye mazoezi. Sensei wetu ana miaka ishirini na saba, anaweza kuwa mtoto wake wa mwisho. Wiki za kwanza tulikuwa tunawaangalia wale wawili kwa jicho la pembeni tuone nani atamwanza nani. Yule kijana kamrekebisha mzee goti, kamshika kabisa mguu na kuusogeza, kamwambia tena, tena, na mzee jasho linamtoka anaitika "oss" kama sisi wote, "sensei ni rei" ikitolewa anainama mpaka paji la uso linakaribia sakafu. Alafu mazoezi yakaisha, tukavaa ndala, tukatoka nje, na pale mlangoni kijana akasimama kumpisha, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo mzee."

Mzee anafuta jasho na ile tisheti yetu ya kinyumenyume. "Marahaba, sensei."